SOMO LA FEDHA NA UONGOZI: SHERIA IKILEGEZWA, NANI ATAWAJIBIKA?

Madhumuni: Baada ya somo hili, Makatibu na wanachama waweze kueleza jinsi uamuzi wa kisiasa unavyoweza kuangusha vyombo vya fedha, na kwa nini ukaguzi ni ngao ya mwenye akiba.

1. Chanzo cha matatizo

Nchini Marekani palikuwa na maelfu ya vyama vya akiba na mikopo ya nyumba. Vingi vilikuwa mali ya wenye akiba wenyewe. Kazi yao ilikuwa kupokea akiba za watu wa kawaida na kukopesha wanunuzi wa nyumba, mara nyingi kwa miaka 30, kwa riba isiyobadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 riba zilipanda mno. Chama kilichokwisha kukopesha kwa riba ya 6 kwa mia, kikalazimika kulipa 12 kwa mia ili kisikimbiwe na wenye amana, kilipoteza dola 6 kila mwaka kwa kila dola 100. Vyama vingi vilikuwa vimefilisika ingawa milango yao ilikuwa wazi.

2. Uamuzi wa wanasiasa

Njia iliyonyooka ilikuwa kuvifunga vyama hivyo na kulipa hasara mapema. Lakini hatua hiyo ilihitaji fedha za Hazina, na ingewaudhi wapiga kura. Badala yake sheria zililegezwa. Sheria ya 1980, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, ilianza kuondoa ukomo wa riba za amana, na kupandisha bima ya amana kutoka dola 40,000 hadi dola 100,000. Sheria ya 1982, iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan, ilipanua ruhusa ya kukopesha wafanyabiashara. Bodi iliyosimamia vyama hivyo ilipunguza mtaji wa lazima hadi 3 kwa mia, ikaruhusu hata mtu mmoja kumiliki chama kizima. Wakati huohuo idadi ya wakaguzi ilipungua.

Matokeo yake yalikuwa wazi. Mwenye chama alicheza kamari kwa amana za watu: akipata, faida ni yake, akikosa, hasara ni ya bima ya umma.

3. Mkaguzi azuiwa

Mwaka 1987 maseneta watano walikutana na wasimamizi waliokuwa wakikichunguza chama cha Lincoln, California. Mmiliki wake, Charles Keating, alikuwa amechangia kampeni na shughuli zao za kisiasa dola zipatazo milioni 1.3. Chama hicho hakikutwaliwa na serikali mpaka Aprili 1989. Zaidi ya watu 20,000 walikuwa wamenunua hati za mkopo za kampuni mama ya Lincoln, hati zisizokuwa na bima. Kampuni ilipofilisika, ikawabidi kudai fedha zao mahakamani.

4. Gharama

Kati ya 1986 na 1995 vyama 1,043 vilifungwa. Gharama ilifikia takriban dola bilioni 153, na zaidi ya bilioni 120 zililipwa na walipa kodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1991 Seneta Alan Cranston alikemewa rasmi. Hakuna seneta aliyevuliwa kiti. Kwa kuwa vyama vyote viwili vya siasa vilishiriki, kila kimoja kilikinyooshea kingine kidole.

5. Mafunzo kwa Chama

Kubadili kanuni si kosa peke yake, kwa maana kanuni za kale nazo zilikuwa zimevibana vyama hivyo. Kosa ni kulegeza kamba na papo hapo kumwondoa mchungaji. Kwa hiyo:

(a) Pendekezo la kulegeza masharti ya mikopo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na majina ya waliolitoa.
(b) Hasara itangazwe mwaka uleule inapoonekana.
(c) Mkaguzi asipokee maagizo kutoka kwa mkopaji wala rafiki zake.

Maswali ya majadiliano

1. Nani alinufaika kwa kuchelewesha kufunga vyama vilivyofilisika?
2. Bima ya amana ilimlinda nani, na ilimpumbaza nani?
3. Katika Chama chenu, ni nani anayeweza kumzuia mkaguzi, na wanachama watajuaje?