Dondoo muhimu: Salio la kaya baada ya bili
Salio la kaya, yaani fedha inayobaki baada ya gharama za lazima za mwezi, mjini Moshi hupatikana kwa kutoa kwenye mapato kodi ya pango, ankara ya maji na umeme wa LUKU, mfumo wa malipo ya kabla ambao tangu 2021 hukata pia kodi ya majengo. Kwa mkulima wa kahawa wa Kibosho au Marangu hesabu ya mwezi mmoja hupotosha, kwa kuwa malipo ya chama cha msingi cha ushirika hufuata msimu. Afadhali mapato ya mwaka yagawanywe kwa 12. Ndizi za kihamba, shamba la ukoo lizungukalo nyumba, hazina risiti, lakini zihesabiwe. Ugeni wa Desemba, ambao ni nadra kuwa wa gharama ndogo, utengewe fungu tangu Julai.