Somo la Kwaya: Kuhesabu Mapatano ya Sauti

Katika somo hili tutazame jinsi kompyuta inavyochambua mapatano ya sauti nne, na faida yake kwetu tunaoimba kwa karatasi za sol-fa zilizonakiliwa kwa mkono. Shida yake twaijua sote: mwenye kunakili akikosea herufi moja, besi huimba kosa hilo miaka na miaka, hata watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo.

1. Noti huwa namba. Kompyuta huhesabu tu. Kwa hiyo kila noti hupewa namba kwa kufuata vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi: d ni 0, r 2, m 4, f 5, s 7, l 9, t 11; na d ya juu hurudi kuwa 0. Noti zinazoimbwa kwa pamoja huitwa kordi. Katika d, m, s, hatua ya kwanza ni 4, ya pili ni 3. Katika s, t, r ni 4 na 3 vilevile. Basi ni jamii moja. Bali l, d, m zina 3 kisha 4, na kwa masikio ya wengi zina majonzi.

2. Ipi hufuata ipi. Kisha kompyuta huandika jedwali: baada ya kordi hii, ile ilikuja mara ngapi? Tuchukue tenzi za Johann Sebastian Bach, aliyesimamia muziki wa kanisa mjini Leipzig tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Humo kordi ya s hufuatwa mara nyingi na kordi ya d. Tarehe 21 Machi 2019 kampuni ya Google ilionyesha kompyuta iliyofundishwa kwa tenzi zake 306: mtu aliandika sauti ya kwanza, nayo ikajaza tatu zilizobaki.

3. Inapokwama. Zikiimbwa f, l, d, r pamoja, je, ni kordi ya f iliyoongezewa r, au ya r iliyoongezewa d? Namba ni zilezile. Ikifuata kordi ya s, twaiita ya r. Ikirudi kwenye d, twaiita ya f. Kordi hujulikana kwa jirani zake. Tena, kordi iliyo adimu si lazima iwe kosa. Bach mwenyewe anazo. Hesabu hutuonyesha mahali pa kutazama. Kuamua ni kazi yetu.

Zoezi: Chukueni wimbo mmoja mnaoujua. Andikeni kordi ya kila pigo, mkahesabu ipi hufuata ipi. Mkiona iliyotokea mara moja tu, msiifute. Iimbeni polepole, kisha mlinganishe na kitabu kilichochapwa.