Kanieneo na kuchemka: kiyoyozi cha gari kinachovuja

Swali. Fundi amebadilisha mpira wa kiungo uliokuwa ukivujisha gesi katika kiyoyozi cha gari kuukuu. Kabla ya kujaza gesi, anatumia pampu ya ombwe kwa nusu saa. Eleza kwa nini. (alama 4)

Ukiandika "ili kutoa hewa" na kuishia hapo, umejibu nusu tu. Mfumo ulipofunguliwa uliingiwa na unyevu pia. Pampu hushusha kanieneo, na kanieneo ikishuka, kiwango cha mchemko hushuka nacho. Kwenye kPa 4 hivi maji huchemka kwa 30 °C, yaani kwa joto la gereji, bila moto wowote! Mvuke huvutwa nje. Unyevu ukibaki, huganda barafu kwenye tundu jembamba la vali na kuziba njia ya gesi. Pia husaidia kutengeneza asidi inayokula metali.

Usiandike kwamba gesi "iliisha kwa kutumika". Gesi huzunguka tu, ikipungua, imevuja.

Jaribu. Fundi anafunga vali na kuzima pampu, kisha geji inaonyesha kanieneo ikipanda. Taja sababu mbili.

Jibu: bado panavuja, au kuna maji yanayoendelea kuchemka ndani.