KARTE YA CHANJO NI AMANA: SOMO KWA ANAYENUIA KWENDA MAKKA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetukutanisha tena siku ya Ijumaa, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Somo la leo ni juu ya safari wakati wa maradhi makubwa. Labda mmoja wenu atauliza: mambo ya chanjo na mipaka yanaingiaje katika karatasi ya Ijumaa? Yanaingia kwa sababu Hija ni nguzo ya dini, na leo mlango wa Hija unapita katika biro ya afya. Yanaingia pia kwa sababu kuna dhambi inayofanyika hapo, na watu wengi hawaioni kama dhambi.

1. YALIYOTUPATA MWAKA 2019

Tukumbuke kwanza. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali yetu ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulitembea Mangina, Beni, Butembo, ukaingia Ituri. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alipatikana Goma, mji mkubwa wenye mpaka na uwanja wa ndege. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Julai, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba jambo hili ni hatari ya dunia nzima. Katika mwezi huohuo wa Julai, Saudia ikasimamisha viza za Hija kwa watu wanaotoka Kongo. Siku ya Arafa ilikuwa tarehe 10 Agosti. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Ndugu zangu, mnajua maana yake. Mzee ameweka makuta miaka kumi na mitano, ameuza shamba la michikichi, ameomba msamaha kwa majirani, ihramu imekunjwa ndani ya sanduku. Kisha anaambiwa: wewe huingii. Na yeye hajawahi hata kufika Beni! Mzee mmoja wa msikiti wetu alikaa barazani siku tatu bila kusema na mtu. Siku ya nne aliuliza swali moja tu: "Je, Mungu amenikataa?"

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo.

2. ALIYERUDISHWA NJIANI HAKUKATALIWA

Jibu la kwanza linatoka kwa Mtume mwenyewe (S.A.W.). Mwaka wa 6 wa Hijra alitoka Madina na masahaba wake kwenda kufanya Umra. Walifunga ihramu, wakawa na wanyama wa kuchinja. Walipofika Hudaybiya, Makureshi wakawazuia. Mtume wa Allah, kiumbe bora kuliko wote, alizuiliwa asiione Kaaba! Alichinja hapohapo, akanyoa, akarudi Madina, na mwaka uliofuata akaifanya Umra yake. Qurani yenyewe, katika sura ya Baqara, imeweka hukumu ya mtu anayezuiliwa baada ya kuingia katika ihramu. Maana yake Allah alijua kwamba waja wake watazuiliwa njiani, akawawekea njia.

Jibu la pili liko katika habari aliyoipokea imamu Muslim. Ulikuja ujumbe wa kabila la Thaqif kumpa Mtume (S.A.W.) mkono wa ahadi, na kati yao alikuwamo mtu mwenye ukoma. Mtume alimpelekea habari kwamba ahadi yake imekwisha kupokelewa, na kwamba arudi kwao. Tazameni vizuri, ndugu zangu. Mtu huyu hakuingia, mkono wake haukushikwa, lakini ahadi yake ilikubaliwa. Mwili ulirudishwa kwa ajili ya afya ya watu, moyo ulipokelewa.

Basi tulimwambia mzee wetu: Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na wanazuoni wanahesabu usalama wa njia kuwa sehemu ya uwezo. Njia ikifungwa, faradhi inakungoja, wala huandikiwi dhambi. Na nia yako iko kwa Allah, haipotei.

3. KUJIKINGA NA MARADHI SI UKOSEFU WA IMANI

Wako wanaosema: "Sisi tunamtegemea Mungu, chanjo ni ya wasioamini." Neno hili si la wenye elimu. Khalifa Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari, mahali panapoitwa Sargh, kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari moja ya Allah na kwenda katika kadari nyingine ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawaambia alivyomsikia Mtume (S.A.W.): tauni ikiwa katika nchi, usiingie, ikikukuta ndani yake, usitoke kwa kuikimbia. Hiyo ndiyo sheria ya mpaka, na ilifundishwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Shirika la Afya Duniani kuzaliwa mwaka 1948.

Na historia ya Hija inaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia kati ya mahujaji. Kati ya watu kama 90,000, wanaokadiriwa 15,000 walikufa. Waliobaki walipanda merikebu kurudi makwao, na ugonjwa ukafika Misri, kisha Ulaya. Mwaka 1866 mataifa yalikutana Istanbul kwa ajili hiyo, na baadaye mahujaji wakawa wanawekwa karantini katika kisiwa cha Kamaran ndani ya Bahari ya Sham, na pale El Tor katika Sinai, kabla ya kuendelea na safari.

Mfano wa karibu zaidi ni mwaka 2000. Mahujaji walirudi makwao na vijidudu vya homa ya uti wa mgongo ya aina ya W135. Wengi walivibeba bila kuumwa wenyewe, lakini watu wa nyumba zao, waliobaki nyumbani wakiwangoja, waliugua, na wengine walikufa. Ilitokea hata Ufaransa na Uingereza. Ndiyo sababu Saudia ikafanya chanjo ya aina nne, A, C, W na Y, kuwa lazima kwa kila hujaji. Chanjo hiyo inamkinga hujaji, na inamkinga mjukuu anayekuja kumpokea uwanjani.

Ilipokuja Korona tuliona tena. Mwisho wa Februari 2020 Saudia ilifunga Umra kwa wageni. Hija ya mwaka huo ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, wote wakaaji wa huko, wenye chanjo. Mwaka 2022 wageni walirudi, jumla milioni moja, wenye umri chini ya miaka 65, wenye chanjo kamili na kipimo cha PCR kisichozidi saa 72 kabla ya kuondoka. Mwaka 2023 mipaka ya idadi na umri iliondolewa. Basi mlango uliofungwa ulifunguliwa. Mwenye subira alifika.

4. DHAMBI ISIYOONEKANA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ndugu zangu, tusidanganyane. Katika miji yetu karte ya manjano inanunuliwa. Mtu anatoa dola chache, anapewa karte yenye muhuri, na sindano hajaiona. Wakati wa Korona wengine walitafuta karatasi ya PCR bila kupimwa. Mwaka 2019 walikuwako waliosema: tutafute pasipoti ya nchi jirani, tuseme sisi si Wakongomani.

Wanasema: "Walitufungia nchi nzima bila haki, basi na sisi tupite dirishani." Tuseme ukweli: Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipotangaza ile hatari ya Julai 2019, liliziomba nchi zisifunge mipaka wala zisizuie safari. Kwa hiyo kulalamika tulikuwa na haki, na serikali na viongozi wa dini wana haki ya kutuombea mlango. Lakini kuonewa hakuhalalishi uongo. Ukiandika kwamba umechanjwa na hukuchanjwa, umetoa ushahidi wa uongo. Ukimpa muganga pesa aandike hivyo, umetoa rushwa na umemtia na yeye dhambini. Na unakwenda wapi na karatasi hiyo? Kwenye nyumba ya Allah, kumwambia "Labbayka"!

Imamu Malik amepokea habari ya mwanamke mwenye ukoma aliyekuwa akitufu Kaaba. Umar (R.A.) alimwambia kwa upole kwamba ingekuwa bora akae nyumbani asiwaudhi watu. Akakaa. Umar alipokufa, mtu mmoja akamwambia: aliyekukataza amekufa, toka sasa. Yule mama akakataa. Alisema kwamba yeye si mtu wa kumtii Umar akiwa hai na kumwasi akiwa amekufa. Mama huyu hakuwa na askari wa kumlinda, wala mpaka, wala karte ya kuonyesha. Alilindwa na dini yake. Sisi tunaotafuta muhuri wa kununua, tujipime mbele ya mama huyo.

Na hatari ni ya kweli. Ebola ile ya Kivu na Ituri, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Mtu mmoja anayeficha homa yake kwenye barriere anaweza kuingia na msiba katika mji mzima.

5. MAMBO YA KUFANYA

Anayenuia safari, mwaka huu au mwaka ujao, ashike haya:

(a) Homa ya manjano. Karte ya kimataifa ya chanjo inaombwa kwa sisi tunaotoka Kongo. Inaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa leo na ndege ni kesho, karte yako bado haifai. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha yote. Mtu asikulazimishe kurudia kwa sababu miaka 10 imepita.

(b) Homa ya uti wa mgongo. Ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika Saudia. Iko aina inayohesabiwa miaka 3 na aina inayohesabiwa miaka 5. Mwombe muganga aandike aina yake wazi. Isipoandikwa, unaweza kuhesabiwa miaka 3 tu.

(c) Soma karte yako kabla ya kutoka kituoni. Jina liwe sawasawa na la pasipoti, tarehe iwepo, namba ya chanjo, sahihi na muhuri. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wake.

(d) Sheria za afya za Hija hutolewa upya kila mwaka. Usifuate maneno ya aliyekwenda mwaka juzi. Uliza pia sheria za nchi utakakopita: anayepitia Kigali, Entebbe au Addis Ababa anaweza kuombwa karatasi hukohuko.

(e) Kabla ya kumpa mtu pesa za safari, andikeni. Karatasi iseme pesa zitarudi vipi kama mpaka utafungwa kwa ugonjwa. Allah ametuamrisha kuandika deni. Na hili nalo liandikwe mbele ya mashahidi.

(f) Ukiwa na homa siku ya safari, sema. Ukirudi nyumbani ukaona homa, nenda kituo cha afya na useme ulikotoka.

MWISHO

Mzee wetu wa barazani alingoja. Baada ya 2019 ikaja Korona, akangoja tena. Alichanjwa kwa haki, karte yake akaitia ndani ya msahafu. Hakufika Makka, Allah alimchukua akiwa nyumbani kwake, na ihramu yake ndiyo tuliyomkafinia. Tunatumaini kwa rehema ya Mola wetu kwamba ahadi yake ilipokelewa, kama ya yule mtu wa Thaqif.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, zilinde nchi zetu na maradhi, na uwafungulie njia ya nyumba yako wote wenye nia safi. Utujaalie tuende kwa halali na turudi na halali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Usiitupe chini karatasi hii, ina jina la Allah.)