Sikio la Mtoto Mchanga na Fonimu /p/: Mfano wa Wajir

Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha imla katika shule ya msingi ya Wajir huzoea upesi kukutana na babai badala ya papai, na sawadi badala ya zawadi. Maelezo ya kosa hili yanajulikana kwa kila aliyesoma uchanganuzi makosa: ni athari za lugha mama. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanakoma pale ambapo swali linaanza. Athari hiyo huingia lini? Nayo hukaa wapi, kinywani au sikioni? Makala haya yanadai kwamba hukaa sikioni kwanza, na kwamba hujengeka kabla mtoto hajatamka neno lake la kwanza.

Mtoto haanzi kusikia siku anapozaliwa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito masikio yake huwa yanafanya kazi, ingawa mwili wa mama huzichuja sauti: konsonanti nyingi hufifia, kiimbo na mdundo hupenya. Mwaka 1980 DeCasper na Fifer walionyesha kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tatu walibadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 1988 Mehler na wenzake walionyesha kwamba watoto wa siku nne, waliozaliwa na mama wasemao Kifaransa, walitofautisha Kifaransa na Kirusi hata usemi ulipochujwa ukabaki mlio wake tu bila maneno. Kwa mantiki hiyo, mtoto wa Wajir ambaye mamake ni msemaji wa Kisomali huzaliwa akiwa ameshauonja mdundo wa lugha hiyo. Si jambo dogo, kwani katika Kisomali kupanda kwa sauti hubeba maana: neno inan ni mvulana sauti ikipanda katika silabi ya kwanza, na ni msichana ikipanda katika silabi ya pili.

Konsonanti zinahitaji maelezo ya peke yake, na hapa jaribio mashuhuri kuliko yote linaigusa Wajir moja kwa moja japo lilifanyika Marekani. Mwaka 1971 Eimas na wenzake waliwasikilizisha watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne silabi moja tena na tena. Kadiri mtoto alivyonyonya, ndivyo silabi ilivyorudiwa. Alipoizoea, alinyonya kwa ulegevu. Silabi ilipobadilishwa kutoka /ba/ kuwa /pa/, unyonyaji ulifufuka. Tofauti ya kiasi kile kile, milisekunde 20, ilipokuwa ndani ya /ba/ au ndani ya /pa/ haikuwashtua. Jozi iliyotumika ndiyo hii hii ya vipasuo vya midomo, ghuna na sighuna, inayomtatiza mwanafunzi wa Wajir katika imla. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mtoto mchanga wa Wajir ana sikio pungufu kuliko la watoto wale.

Kinachofuata kilielezwa na Werker na Tees mwaka 1984 huko Kanada. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa kwa Kiingereza walitofautisha /t/ ya meno na /t/ ya kukunja ulimi za Kihindi. Kufikia miezi 10 hadi 12, wengi wao walikuwa wameacha kuzitofautisha. Kisomali kina tofauti inayokaribiana na hiyo, baina ya d na dh, na mtoto wa Wajir huihifadhi kwa kuwa huisikia kila siku. Huhifadhi pia sauti za koromeo zinazoandikwa x na c katika alfabeti ya Kilatini iliyoidhinishwa Somalia mwaka 1972. Katika alfabeti hiyo hamna p, v wala z. Maneno ya kigeni hutoholewa kwa mujibu wa mfumo huo: polisi ni boolis, pasipoti ni baasaboor, zaka ni sako.

Desturi ya adhana inaonyesha jambo hili vizuri. Mtoto wa Kiislamu wa Wajir na mwenzake wa Lamu huadhiniwa sikioni mara wazaliwapo, na adhana ina sauti za koromeo za Kiarabu. Yule wa Wajir hukutana nazo tena katika mazungumzo ya mamake. Wa Lamu hazikuti katika Kiswahili cha nyumbani, naye hufundishwa upya chuoni. Kusikia mara moja hakutoshi. Wala redio haitoshi: mwaka 2003 Kuhl na wenzake walibaini kwamba watoto wa miezi tisa nchini Marekani walinufaika na Kichina pale tu kiliposemwa na mtu aliyecheza nao, si kilipotoka kwenye runinga wala kanda ya sauti.

Hata hivyo, Wajir isionekane kuwa kioja. Mswahili wa Mombasa hutamka paa la nyumba bila mpumuo, na paa mnyama kwa mpumuo. Wasemaji wengi wa bara, wahadhiri wakiwemo, husikia neno moja tu, na hakuna anayewaita wavivu.

Upungufu wa /p/ una nafuu yake. Kisomali kina /t/ na /d/, kina /k/ na /g/. Sikio la mwanafunzi linaijua ghuna na sighuna, ila halijazoea kuitafuta midomoni. Nao utafiti wa Logan, Lively na Pisoni wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba Wajapani watu wazima waliboresha usikivu wao wa /r/ na /l/ za Kiingereza kwa kusikiliza jozi pambanuzi kutoka kwa wasemaji kadhaa na kuambiwa papo hapo kama wamepatia. Mwalimu wa Wajir anaweza kuanzia kwa toa na doa, kamba na gamba, kisha aingie pana na bana, pua na bua, papa na baba, akibadilisha wasomaji, huku mwanafunzi akionyesha tu kwa kidole neno alilolisikia. Imla ije baadaye.