Macho Kwanza, Mikono Baadaye: Nilivyojiandaa kwa Mtihani wa Udereva Isiolo

Mara ya kwanza nilianguka mtihani wa barabarani kabla gari halijamaliza mita 10. Nilifunga mkanda, nikatia gia ya kwanza, nikawasha indiketa ya kulia, nikaachilia klachi taratibu kama nilivyofundishwa. Sikugeuza shingo. Mtahini akaninyooshea mkono nisimame, na bodaboda iliyobeba magunia mawili ya makaa ikapita upande wangu wa kulia, karibu mno hadi nikamsikia dereva wake akikohoa. Mtahini hakunigombeza. Aliuliza tu, "Indiketa umewasha, lakini ulikuwa unamwambia nani?"

Swali hilo ndilo lililonifaulisha mara ya pili. Nilikuwa nimekariri kazi ya mikono na miguu kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Kumbe anayeketi kando yako siku hiyo anataka kuona macho yakitangulia: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, kisha bega, ndipo mkono uguse chochote.

Karatasi zisikuchoshe, ila usizipuuze. Leseni ya muda inaombwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia mtandao, na shule ya udereva hukusaidia kupanga siku ya mtihani. Angalia jina lako herufi kwa herufi. Majina yetu ya kaskazini huandikwa kwa namna nyingi, na jina lenye Q kwenye kitambulisho likigeuka K kwenye fomu, utasumbuka bure.

Mtihani unaanzia mezani, kwenye ubao wa mji wa mfano. Unapewa kigari kidogo, unaambiwa ukitoe hospitalini ukipeleke, tuseme, kwenye kituo cha petroli, huku ukieleza kila unachofanya. Wengi huanguka hapa, wala si kwa sababu hawajui kuendesha. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia kwenye mzunguko wenye leni tatu maishani mwangu. Basi nikachora mji mzima kwa chaki kwenye sakafu ya baraza yetu mtaani Bula Pesa, viberiti vikawa magari, na mdogo wangu wa kiume akawa mtahini. Kila jioni alinituma safari, nami nilisema kwa sauti: nakaribia mzunguko, nawapisha wanaotoka kulia kwangu, nakwenda kushoto kwa hiyo nashika leni ya nje, nawasha indiketa ya kushoto. Nikivuka mstari usiokatika, alinirudisha mwanzo. Baada ya wiki mbili mama alikuwa akinisahihisha kutoka jikoni, na yeye hajawahi kushika usukani.

Sema kwa sauti. Ukijieleza kimyakimya utadhani unajua, halafu siku ya mtihani maneno yakukwame.

Alama za barabarani zisome kwa umbo kabla ya picha. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au kukuwekea kikomo. Duara la buluu linakuamuru. Ile pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini, inakutaka uwapishe wengine, na yenye pembe nane ni ya kusimama kabisa, hata kama barabara ni tupu. Ukishika hayo, hata alama usiyoikumbuka utaikaribia.

Sasa barabara yenyewe. Mji wetu umekaa juu ya A2, njia ya kutoka Nairobi kwenda Moyale. Kabla lami ya kwenda Moyale haijakamilika katika miaka ya 2010, mashimo na changarawe ndivyo vilivyopunguza mwendo huko kaskazini. Siku hizi lori linalotoka mbali linaingia mjini dereva wake akiwa bado na kasi ya nyika mguuni. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na mwanafunzi anayeangalia lori la mbele tu hatamwona mwenye punda anayetoka uchochoroni. Nilimwomba mwalimu wangu tufanye mazoezi saa za msongamano karibu na soko, si alfajiri kukiwa shwari. Mbuzi akisimama kando ya lami, nilijifunza kumtafuta wa pili, kwa sababu mbuzi hawavuki mmoja. Ngamia usimpigie honi. Punguza mwendo, mpe nafasi, mtazame mchungaji wake.

Kuondoka mlimani nilikujifunza kwenye mwinuko wa barabara ya Meru, ambako magari ya Probox yaliyobeba miraa hushuka kama mshale. Vuta handibreki, tia gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, inua klachi mpaka usikie injini ikibadilisha sauti na pua ya gari ikiinuka. Hapo tazama tena kioo na bega, ndipo uachilie handibreki. Gari likirudi nyuma hata kidogo, anza upya. Mimi nilirudia siku tatu mfululizo, goti likitetemeka.

Siku ya mtihani vaa viatu vilivyofungwa, si kandambili, maana hukwama chini ya pedali. Dada zangu wa mtandio, ubaneni vizuri usije ukaziba pembe za macho mnapogeuza shingo. Futa vumbi kwenye vioo, maana upepo wa Isiolo hausubiri mtu. Rekebisha kiti na vioo hata kama aliyekutangulia ni wa kimo chako. Mtahini anakutazama tangu unapofungua mlango.

Mtu mmoja alinifuata nilipoanguka, akaninong'oneza kwamba kwa pesa kidogo nisingehitaji kurudia. Nilikasirika, na hasira ile bado ninayo. Leseni ya kununua ingenipa kadi, ila ingeniacha vilevile, mtu asiyegeuza shingo, na yule wa makaa angekuwa bado barabarani. Ukiambiwa maneno hayo, kataa.

Mara ya pili niligeuza shingo hadi ikauma. Nikangoja tuktuk mbili na mzee mwenye baiskeli wapite, ndipo nikaondoka. Nilifaulu.

Mdogo wangu sasa anataka kuendesha bodaboda na amekuwa akiniuliza kama leseni ya gari inatosha. Haitoshi. Yangu ni ya daraja B. Pikipiki ni daraja A, na ina mtihani wake. Chaki ninayo, na jioni hii mtahini ni mimi.