Msaili na Mdadisi

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa maneno haya mawili si mamoja. Msaili ni mwenye kuuliza, na asili yake ni Kiarabu, saala. Neno hili lawafaa Munkari na Nakiri, waulizao maiti kaburini. Ukali wao si wa uadui, ni wa haki. Mdadisi naye ni mwenye kuuliza hata lisilomhusu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililieleza neno dadisi kwa maana hiyo ya lawama. Lakini leo mwalimu humsifu mwanafunzi wake kwa kumwita mdadisi.

Basi, ewe mtu wa pwani, ufikapo Musoma, Bunda au Butiama, kumbuka kuwa wengi huko lugha yao ya kwanza ni Kijita, Kizanaki au Kikurya, na huenda neno hili wamelipokea shuleni, katika maana ya sifa. Ukiitwa mdadisi, usighadhibike, pengine umetukuzwa. Wala nawe usimsaili mwenyeji nasaba yake na siri za nyumba yake: Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza kupeleleza. Uliza upate kujua, usiulize upate kufedhehesha.